Alama Tatu kwenye Gia ya Kamshafti

Kijiwe chetu cha Kasingirima, hapa Kigoma, kimeegemea gereji ya Nikodemu: benchi moja, birika moja la kahawa, na ukikaa pale ni lazima uwe na maoni. Leo boneti la gari la Elida, muuza samaki, liko wazi. Mkanda wa taimingi uliochakaa uko chini, mpya uko mkononi mwa Nikodemu, naye anaikodolea macho gia ya kamshafti, mhimili unaofungua valvu. Ina alama tatu za kutegea mkanda: rangi nyeupe, rangi nyekundu ya kucha, na chale ya tindo. Kila fundi aliyewahi kuifungua aliacha yake.

Nikodemu: Nikikosea jino moja tu, valvu zinakutana na pistoni. Injini kwisha.

Hamdani, tunamwita Nahodha kwa sababu anaendesha boti ya kwenda Kagunga, hakungoja kuulizwa.

Nahodha: Tega kwenye nyekundu. Nyekundu ni simama hapo.

Kasongo, jirani yake kwenye benchi, akamkatiza.

Kasongo: Weee! Gari lenyewe lilitoka wapi?

Nikodemu: Uvira, ng'ambo ya ziwa.

Kasongo: Si unaona? Kwetu Uvira saa iko nyuma kwa saa moja. Nyeupe ni ya kule. Sogeza jino moja, lifuate saa za Kigoma.

Mimi: Kwani gari linajua limevuka mpaka?

Kasongo: Wewe ukivuka hujui?

Nahodha: Na hiyo chale?

Kasongo: Ya milimani hiyo. Kupanda Kasulu injini inataka pumzi nyingine.

Nahodha akaitikia kwa kichwa kama aliyefunuliwa siri. Nami, nakiri, nilianza kuamini.

Bodaboda ikasimama. Elida akashuka na ndoo mbili za migebuka, samaki wa ziwani, kutoka Katonga, maji ya barafu yakidondoka.

Elida: Habari za kazi, fundi. Limepona? Kasulu wananingoja, na samaki hawa wakiharibika sina wengine.

Nikodemu: Bado tunabishania alama, dada.

Elida: Lakini lilikuja hapa linatembea vizuri. Ulipotoa mkanda wa zamani, gia ilikuwa imesimama kwenye alama ipi?

Kasongo akainua birika, akalikuta tupu.

Nikodemu: Nilikuwa nawasikiliza hawa.

Akavisha mkanda kwenye nyeupe kujaribu, akachukua spana, akaanza kuizungusha krenki kwa mkono, taratibu, sikio limeinamia injini asikie kama valvu zinagonga. Hakuna aliyekohoa.

Elida: Mngenyamaza hivi asubuhi, saa hizi ningekuwa Kasulu.