Mikono Iliyokuwa ya Watoto wa Watu

Marehemu, ambaye wodi nzima ilimwita Mama Ngozi, alizaliwa tarehe 4 Machi 1961, akiwa kifungua mimba wa fundi cherehani na mkewe. Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya soko, kisha chuo cha uuguzi. Mwaka 1984 alipangiwa wodi ya watoto wachanga, akabaki humo mpaka alipostaafu.

Mtoto akizaliwa na ule utando mweupe, hakuruhusu mtu aufute. "Hilo ni koti lake, mwacheni nalo," aliwaambia mabibi waliofika na sabuni na poda. Ngozi ikibambuka siku za mwanzo na mama akaanza kulia, alimwambia, "Tulia, mwanangu. Anavua ya tumboni, anavaa ya duniani." Kucha alizikata fupi, marashi hakupaka, na hakumgusa mtoto kabla ya kupasha viganja vyake joto.

Alifunga ndoa na ndugu yetu, fundi seremala, tarehe 12 Desemba 1987. Jumatatu iliyofuata pete ilivuliwa, eti inakwaruza watoto, ikabanwa kwa pini ndani ya mfuko wa sare. Bwana harusi aliona wivu na hakuuficha. Chupa ya marashi aliyomnunulia ilikaa kabatini bila kufunguliwa. "Nimeoa mikono ya watoto wa watu," alilalamika, nasi ndugu zake tukamcheka, mwanamume mzima kumwonea gere mtoto wa kilo tatu. Binti yao alipozaliwa, mama na mwana walilala ngozi kwa ngozi, baba akasusa chakula. Marehemu akamwambia, "Vua shati basi, na wewe zamu yako."

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua, na ngozi yake ikawa laini kama ya mtoto njiti. Mumewe hakutaka mtu mwingine amguse. Alikata kucha, akavua pete yake, akapasha viganja vyake vya useremala, akawa anamwogesha na kumkausha taratibu bila kumsugua.

"Umekuwa muuguzi," marehemu alimwambia.

"Nilikuwa nangoja zamu yangu."

Alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

Ameacha mume, binti, wajukuu wawili na mdogo wake wa kike. Watoto wa wodi nao wamejaa hapa, wengine na ndevu zao, na mumewe bado anawatazama kwa jicho la wivu. Jana alimvisha marehemu pete yeye mwenyewe. Safari hii hakuna mtoto wa kumfanya aivue.

Apumzike kwa amani, pete yake kidoleni.