Jiwe Lililopasuka Nyuma ya Nkuhungu

Paa!

Mlio ulikuwa mmoja tu, mkavu, ukaingia usiku wa Makole, mjini Dodoma, na kuacha mbwa wakibweka mpaka wakachoka wenyewe. Mzee Mazengo aliusikia akiwa macho. Masikioni mwake ulikuwa mlio wa geti lake la bati, na geti lile lilibamizwa vile na mtu mmoja tu duniani, binti yake, kila alipochelewa kurudi. Alitoka na tochi, miguu mitupu. Hakuna mtu. Kufuli lilikuwa mahali pake, kama kila usiku tangu alipomfukuza. Hapo ndipo lilipomwingia wazo lililomnyima usingizi: huenda alikuja, akakuta kufuli, akaondoka. Asubuhi aliwahi kuliko wote kijiweni, kwenye benchi lililoegemea ukuta wa studio ya Fredy mpiga picha. Hapo kahawa humiminwa na Elisha, anayeitwa Profesa kwa kuwa hajawahi kusema "sijui". Wa tatu ni Henry, mlinzi mstaafu, wanayemwita Mheshimiwa maana hata kashata anaiomba kwa hotuba. Mazengo mwenyewe ni Mzee Masijala; ametunza mafaili ya ofisi mpaka akazeeka nayo. Kijiwe kina sheria moja, na yeye ndiye aliyeipitisha miaka miwili iliyopita, binti alipoacha chuo, akanunua kamera, akafukuzwa, akahamia Bahi kupiga picha ndege wa mabwawani: jina lake lisitajwe hapa. Ikibidi sana, wanasema "yule".

— Usiku mmesikia? aliuliza Mazengo kabla kikombe hakijamfikia.

Henry akasimama.

— Ndugu wajumbe, ule ni mlio wa transfoma. Nimelinda maghala maisha yangu yote. Transfoma naijua hata ikikohoa.

— Mbona umeme haukukatika, Mheshimiwa? alisema Elisha.

— Haukukatika kwa sababu... ilikuwa ya akiba.

— Transfoma ya akiba! Kaa chini unywe kahawa. Sikilizeni. Ardhi yetu hii mchana inaungua, usiku inapigwa baridi. Inajikunja kama ngozi ya ng'ombe iliyoanikwa. Huko chini imeshaachana. Siku moja mtaamka mkute Makole iko Bahi.

— Na sisi wapiga kura tutahesabiwa wapi?

— Haukufanana na bati? Mazengo aliwakatiza. Geti, tuseme. Mtu anabamiza geti.

Wenzake walitazamana. Geti lile walilijua.

— Mzee wangu, alisema Elisha, sauti imeshuka, mimi nalala Nkuhungu. Masufuria yalitikisika ukutani. Hakuna geti la kufanya hivyo.

Ilipaswa kuwa ahueni. Kama si geti, basi hakuna aliyekuja akakuta kufuli. Lakini Mazengo alihisi kama mtu aliyenyang'anywa kitu. Akakunja nne, akaikunjua. Akainua kikombe, akakitua bila kunywa.

Fredy akatoka studio, mkononi ana picha kubwa, bado ina joto la mashine.

— Acheni ubishi. Ni lile jiwe la nyuma ya Nkuhungu. Limepasuka. Haya, oneni.

Jiwe lilikuwa kubwa kuliko nyumba, limeachana katikati kama mkate. Mwanga wa kwanza wa alfajiri ulipenya kwenye ufa. Ukingoni alikaa pimbi mmoja, mkubwa kama sungura, akitazama ng'ambo, kana kwamba jana alikuwa na jirani upande ule.

— Hapo kwenye ufa mimi namwona mzee wa joho, alisema Henry. Anahutubia.

— Wewe hata ugali ukipasuka utaona mhutubu, alisema Elisha. Huyo ni fisi. Sikio hili, mkia huu.

— Akili ya mtu ndivyo ilivyo, alisema Fredy. Kivuli akikitazama kidogo tu anakivisha sura. Lakini nikimpiga picha ya pasipoti, sura yake mwenyewe, ananiambia, "Kaka, huyu si mimi."

— Niwaambie siri, alisema Elisha, akiliacha birika. Jiwe ndiyo kamera ya kwanza. Kila aliyepita mbele yake, limemweka ndani. Sasa limefunguka. Picha zote zinatoka!

— Wanaojificha kule na wake za watu? aliuliza Henry.

— Wa kwanza hao!

— Basi Nkuhungu leo kunawaka moto!

Wakacheka mpaka benchi likalia. Mazengo hakucheka. Katika ufa ule hakuona fisi wala joho. Aliona nafasi tu, upana wa mtu kupita. Aligeuza picha huku, akaigeuza kule, na nafasi ilibaki pale pale.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, mama.

Alikuwa Emiliana, karani aliyehamishiwa Dodoma juzijuzi kutoka Bukoba, anasubiri picha zake za kitambulisho. Aliinama begani kwa Mazengo.

— Jamani, picha nzuri hii! Ya kwako, kaka Fredy?

— Mimi nimeisafisha tu.

— Nilijua. Zako zote ukutani zina "FREDY" kubwa kuliko bibi harusi. Nani kaipiga?

Henry, mtu wa hotuba, akachungulia kikombe chake. Elisha akachochea mkaa uliokuwa unawaka vizuri tu. Fredy akajikuna shingo.

— Imeletwa alfajiri, kabla hamjafika. Alikuwa kule anawavizia pimbi, jiwe likapasuka anasikia.

— Nani huyo?

— Yule.

Mazengo akainua uso taratibu.

— Alifika hapa?

— Alisimama hapo hapo ulipokaa, Mzee. Kaniuliza kama bado unakunywa kahawa bila kashata. Nikamwambia hujabadilika.

— Akasemaje?

— Aliaga tu. Kaenda stendi kupanda gari la Bahi.

— Limeondoka?

— Haliondoki mpaka lijae. Sijui.

Emiliana aliwatazama mmoja mmoja, watu wazima wanne.

— Yule, yule... Kwani huyo mtu hana jina?

Wenzake walimgeukia Mazengo. Sheria ni yake, hakuna mwingine wa kuivunja. Mzee akasimama, picha ameishika kwa mikono miwili. Midomo ilisogea mara ya kwanza bila sauti, kama mtu anayejaribu lugha aliyoiacha utotoni. Akajaribu tena.

— Kaipiga mwanangu, alisema. Dorothea.