Anatafutwa Baba wa Jumatatu Asubuhi

Benchi letu liko Komarock, kati ya pale wanapoosha magari na kibanda cha fundi viatu ambaye hajafungua tangu Pasaka. Ni ubao mmoja juu ya mawe manne ya kujengea, na ukikaa mwisho kabisa, mwenzako akiinuka ghafla, unaanguka. Mimi ndiye Kathini, mwenye birika. Kahawa yangu ni chungu, tangawizi imo, sukari haimo, na anayetaka sukari aende kwao. Wateja wangu wa Jumapili jioni ni watatu. Kuna Wanyoike, fundi wa friji, anayeitwa Hakimu kwa sababu hakuna ugomvi hapa mtaani ambao hajauamua, aitwe asiitwe. Kuna Willis, anayefunga dishi za televisheni na kamera za ulinzi. Huyo ni Satelaiti. Na kuna Sydney, muosha magari, ambaye ana miaka ishirini na tisa lakini ndevu zake zimeota mvi mapema, na kwa mvi hizo wanafunzi wamemkodi mara nyingi aende shuleni kwao kujifanya baba au mjomba. Hapa tunamwita Mzazi.

Jumapili hiyo nilikuwa na jambo la kumwambia Sydney. Mchana, Nyawira, bintiye Hakimu, alikuwa amekuja kwangu nyumbani macho yamevimba. Yuko fomu tatu. Naibu wa mwalimu mkuu amemnyang'anya daftari ambamo amekuwa akiandika hadithi ya shule ya majasusi, na darasa zima lilikuwa likiisoma chini ya madawati. Ndani ya hadithi mna mapenzi. Ameambiwa asikanyage darasani bila mzazi, na Jumatatu mitihani inaanza. Mamake yuko Othaya akimuuguza nyanya. "Nitafutie mtu, mathe," aliniambia. "Yeyote, isipokuwa baba." Akaniachia daftari la pili, lile mwalimu hakulipata, ili huyo mtu asome, asije akashikwa hajui hadithi inahusu nini. Nilikubali kabla sijafikiri. Nilipanga kumvuta Sydney kando, lakini benchi hili halina kando, kwa hivyo nilieleza yote mbele ya wenzake, jina la mtoto tu nikalificha.

Sydney: Ni shule gani hiyo, mathe?

Mimi: Ile ya hapo juu, karibu na tangi la maji.

Sydney: Wueh! Hiyo siwezi. Huko mimi tayari ni baba ya Brayo. Tena mkutano wa juzi walinichagua kamati ya wazazi. Niko kwa mambo ya choo kipya.

Satelaiti: Ati walikuchagua?

Sydney: Nilinyoosha mkono nijikune kichwa, wakaandika jina.

Hakimu: Ngoja kwanza. Hapo juu si ndiko wangu anasoma? Fomu tatu! Huyu ni mtoi wa nani?

Mimi: Jina sisemi. Niliahidi.

Hakimu: Basi mimi ndiye nitaenda.

Nilishika birika vizuri lisianguke.

Mimi: Wewe huwezi, Hakimu. Walimu wanakujua.

Hakimu: Wanijulie wapi? Sijawahi kukanyaga huko. Mikutano yote ni ya mamake. Hata getini hawajui sura yangu. Mimi ndiye mtu safi kabisa kwa hii kazi.

Sydney: Kusema ukweli, mathe, huyo anafaa. Uso mpya. Na hasira ako nayo. Siri ya hii kazi ni umkaripie mtoto kabla mwalimu hajaanza. Mwalimu akiona umewaka kumliko, yeye anapoa, anaanza kukubembeleza: "Mzazi, mzazi, taratibu."

Hakimu: Nitawaka. Kwanza mtoto wa kike wa kuandika mapenzi daftarini! Wangu hana mambo hayo. Wangu ni wa chunusi tu. Si niliwaambia vile nilimpata analia mbele ya kioo?

Satelaiti: Ulituambia. Nikamwagikiwa na kahawa.

Alituambia, ndiyo, mwezi wa pili, akiigiza kile kilio, na kesho yake vijana wa hapa pa kuosha magari walimpigia Nyawira mluzi wakimwita Kioo. Tangu siku hiyo mtoto hupitia nyuma ya kanisa, njia ya mzunguko yenye matope, ili asipite hapa. Hakimu hajawahi kuliona hilo. Anafikiri anapenda kutembea.

Hakimu: Leta hilo daftari nijiandae.

Hapo ndipo nilipokosea. Ningesema nimelisahau nyumbani. Lakini daftari lilikuwa pajani mwangu, limefunikwa kwa karatasi ya kaki, na Satelaiti ana mkono mrefu.

Hakimu alilifungua akasafisha koo. Akaanza kusoma kwa sauti nyembamba ya msichana, huku amepinda shingo.

Hakimu: "Shule yetu iko mtaa wa Fedha, chini ya duka la mikate. Somo la kwanza ni milango. Ukiingia mahali popote, hesabu milango kabla hujahesabu watu. Mimi jina langu la kazi ni Shomoro."

Satelaiti: Simama hapo! Hiyo si hadithi.

Sydney: Ni nini basi?

Satelaiti: Ni ripoti. Fedha kuna jengo, geti jeusi, watoto wanaingia na mabegi, bango la shule hakuna. Mimi mwenyewe niliwafungia kamera sita. Na zote sita wakaniambia nizielekeze ndani. Ndani! Nani anajichunga yeye mwenyewe?

Sydney: Hiyo si ni dansi? Dadangu anafundisha dansi hapo.

Satelaiti: Dansi ndiyo kifuniko.

Hakimu: Wacheni niendelee. "Mwenzangu wa mazoezi anaitwa Kumi na Tatu. Ni mrefu, na akicheka hufunika mdomo kama ameiba kitu." Haiya! Mnaona? Imeanza!

Sydney: Huyo Kumi na Tatu lazima ni Brayo. Brayo ni mrefu.

Hakimu: Wewe ni babake, muulize.

Walicheka wote. Mimi niliwajazia vikombe ili midomo ipate kazi nyingine.

Satelaiti: Nyinyi mnacheka na mambo ni mazito. Fikirieni. Yule naibu amechukua daftari moja, la pili ameliacha. Kwa nini? Kwa sababu huo ndio mtihani wenyewe! Wanataka kuona kama msichana anaweza kupeleka mzazi wa uongo mbele ya mwalimu asigundulike. Akiweza, kesho kutwa anachukuliwa. Anaenda ng'ambo, analipiwa kila kitu.

Sydney: Kwa hivyo mimi nimewapitisha wanafunzi saba kwa ujasusi?

Satelaiti: Saba! Na huo ukamati wako, unafikiri ni bure? Choo kipya, buda? Shimo la futi thelathini, ni la choo?

Sydney alitazama chini. Nadhani alikuwa anapima lile shimo kichwani.

Hakimu: Kama ni hivyo, mtu wanayemtaka si huyo mtoto. Ni mimi. Tazama. Fundi wa friji anaingia kila nyumba. Hakuna anayemuangalia. Mimi najua nani amehamia, nani ameachwa, nani anakula nini. Yule wa ghorofa ya pili pale kona ana nyama ya tangu Machi. Mwalimu wa kwaya anaficha bia nyuma ya sukuma wiki. Hayo yote niko nayo hapa kichwani, na sijawahi kumwambia mtu.

Mimi: Umetuambia sisi sasa hivi.

Hakimu: Nyinyi ni benchi.

Akarudi daftarini. Nilimwambia anirudishie, amejiandaa vya kutosha. Akasema hakimu hawezi kuamua kesi bila kusikiza ushahidi wote. Akalaza ukurasa, akaweka kidole kwenye mstari.

Hakimu: "Tulitumwa harusini Umoja tujifanye wapenzi, tumchunguze bwana harusi. Kumi na Tatu akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa na jasho, na wangu pia. Nilisahau kuhesabu milango."

Alirudia, akinyoosha mkono kwa Sydney kama bibi harusi. "Nilisahau kuhesabu milangooo!" Sydney akaushika, Satelaiti akapiga vigelegele, na vijana wa kuosha magari wakaacha mipira ya maji wakaja kusikiliza. Mimi sikucheka. Ilikuwa imeandikwa vizuri. Na mimi pia niliwahi kushikwa mkono Machakos nikiwa wa umri huo, nikasahau nilikuwa nimetumwa mafuta ya taa. Nilimwonea uchungu yule mtoto, nikajikasirikia mwenyewe.

Wakati huo alifika Magan, jirani mpya, aliyefungua duka la mazulia wiki iliyopita. Alisalimia, nikampa kikombe. Kwa vile hapakuwa na nafasi alisimama, akasikiza, na Satelaiti akamweleza mambo yote, pamoja na lile shimo la futi thelathini. Magan ni mtu wa kusikiza mpaka mwisho. Akanywa, akafuta mdomo.

Magan: Samahani wazee, mimi ni mgeni. Huyu msichana baba yake amefariki?

Mimi: Hapana. Yuko.

Magan: Basi yuko safari.

Mimi: Hayuko safari.

Magan: Sasa amekosa nini, mpaka mtoto aende kutafuta mwingine?

Hakuna aliyekuwa amejiuliza hilo. Walitazamana.

Satelaiti: Labda mlevi.

Sydney: Ama ni wale wa kupiga.

Hakimu: Mimi nawaambia, huyo ni mtu bure kabisa. Mtoto wako wa kike aje mpaka kwa mama wa kahawa kuomba baba? Ningekuwa mimi ningeona aibu kutembea. Mathe, hebu tuambie. Huyo mwanamume alimfanyia nini?

Na aliuliza kwa huruma ya kweli. Daftari alikuwa ameliweka gotini, ameinama kunisogelea, hana mzaha hata kidogo. Ningeweza kudanganya. Vijana wa kuosha magari walikuwa wamesimama pale pale wakingoja jibu, na mipira ilikuwa inamwaga maji bure.

Mimi: Hajamfanyia kitu. Alisema babake ni mtu mzuri, hajawahi hata kumchapa. Alisema tu akimwambia, hadithi yake itasomwa benchini na watu wacheke.

Satelaiti: Benchi gani?

Sydney alimkanyaga mguu.

Hakimu hakusema neno. Nimemuuzia kahawa miaka tisa, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Alitazama ule mwandiko, mstari kwa mstari, bila sauti. Kisha akatazama ile njia ya nyuma ya kanisa. Akalifunga daftari, na kwa vile tone la kahawa lilikuwa limeangukia jalada, akalifuta kwa mkono wa shati, akalifuta tena hata baada ya kukauka.

Hakimu: Mitihani inaanza saa ngapi?

Mimi: Saa mbili.

Hakimu: Mrudishie daftari lake leo, kabla ya giza. Mwambie umetafuta mtu ukakosa.

Mimi: Na akiniuliza afanye nini?

Hakimu: Mwambie babake ako nyumbani. Amenyamaza.

Aliinuka polepole, akaushikilia ubao ili Sydney asianguke. Magan alimpisha njia. Vijana wakarudi kwa magari yao bila kuambiwa. Nilifikiri mambo yameisha, lakini Satelaiti hawezi kulala na kitu nusu.

Satelaiti: Hakimu! Ukurasa hukumaliza, buda. Huyo Shomoro na Kumi na Tatu, kule harusini, iliishaje?

Hakimu aligeuka. Nilimwona mdomo ukifunguka, kwa mazoea. Akaufunga, akaanza upya.

Hakimu: Harusi gani?