Siku Niliyokataa Kusema Sijambo

Asalaam alekum, ndugu zangu! Hamjambo?

Nimewasikia. Mmejibu nyote kwa pamoja kuwa hamjambo, hata Bi Mwanaidi, ambaye wajukuu wawili wamemleta hapa wakimshika kwapani. Allahu akbar! Basi nisikilizeni, maana neno hilo dogo nusura linizike, na Mungu akanitoa.

Mnanijua. Mimi ni Salumu mwana wa Mfaume, mzaliwa wa hapa hapa Pande. Vita vya Maji Maji vilipotufikia sikunywa maji wala sikushika bunduki. Nilikamatwa shambani nikafanywa mpagazi wa askari wa Mdachi. Tulipokuwa tukiteremka korongo moja, sanduku la risasi likaniponyoka begani likaniangukia gotini. Ndugu zangu, nilisikia goti likivunjika kama muhogo mkavu! Tangu siku ile mguu huu haukunjiki, na nikisimama kidogo tu unavimba.

Vita vilipokwisha, boma likaanza kushika watu wa kutengeneza barabara na wa kubeba mawe ya matanuri ya chokaa. Mimi nilipewa cheti. Kiliandikwa kwamba mtu huyu ni kilema, ameumia akiwa kazini kwa serikali, asishikwe kwa kazi yoyote, na jumbe ampe pishi ya mtama kila Ijumaa. Ile njaa mnaikumbuka. Pishi ile ndiyo iliyotuweka hai mimi na mke wangu Somoe. Lakini cheti kilikuwa cha mwaka mmoja. Mwaka ukitimia, sharti uende bomani, bwana shauri, yule Mdachi mwamuzi wa boma, akukague upya.

Sasa sikieni ujinga wangu! Nilijiandaa kama bwana harusi. Niliazima kanzu nyeupe kwa shemeji yangu, ndefu ya kufika chini, goti lisionekane. Ndevu nikachana, kofia nikavaa. Nilipofika mlangoni kwa bwana shauri nikavua viatu, na mkongojo wangu nikauacha pale pale penye viatu, maana nani huingia kwa mkubwa ameegemea gongo? Zilikuwa hatua nne tu. Niliuma meno nikazipiga, nikasimama wima.

Bwana shauri alijua Kiswahili cha salamu. Akaniuliza, "Hujambo?"

"Sijambo, bwana mkubwa."

"Mzima?"

"Mzima, bwana. Alhamdulillahi."

Karani akaandika, kisha akanisomea: mwenyewe amesema hana jambo, ni mzima. Cheti changu kikachanwa mbele ya macho yangu! Hapo hapo mwingine akaitwa.

Wiki iliyofuata nilikuwa matanurini, jiwe kichwani. Nilibeba mawe miezi mitatu. Mguu uliiva kwa uvimbe, nikawa natambaa kwenda kulala. Huku nyumbani mtama ulikatika, na Somoe alichimba ming'oko, ile mizizi ya njaa, porini peke yake. Sitawaficha, nilimnung'unikia Mungu. Nilisema, Mola wangu, nimekushukuru mbele ya Mdachi, na malipo yake ndiyo haya? Msimamizi alipoona siinuki tena hata kwa kiboko, akanirudisha kwetu nikangoje siku ya ukaguzi. Nikionekana mzima tena, nitarudi kwenye mawe. Na mimi nilijua nikirudi sitoki, nitazikwa kule kule.

Ndugu zangu, Mungu hakuniletea malaika. Alinena nami kwa kinywa cha Somoe, tena akiwa anamenya ming'oko. Alisema, "Mume wangu, umechanganya mambo. Alhamdulillahi ni ya Mungu, naye goti lako analiona. Huyu Mdachi haoni kitu mpaka aambiwe. Hata mitume walimlilia Mola wao wakataja maradhi yao, seuze wewe!"

Maneno yale yaliniingia. Tukaanza kujiandaa. Kila asubuhi Somoe alisimama mlangoni, kifua mbele, mwiko mkononi, akijifanya bwana shauri. "Hujambo?" Nami bila kufikiri, "Sijambo!" Puu! mwiko begani. Cheka, Bi Mwanaidi, cheka, maana mimi sikucheka. Ulimi ulikuwa umezoea tangu utotoni, hautaki kusikia. Na lililo zito kuliko mwiko ni hili. Somoe alitaka niseme yote: kwamba yeye ndiye anayeniinua kitandani, yeye ndiye anayenitekea maji, yeye ndiye anayenifikisha chooni. Mwanamume mzima niyaseme hayo mbele ya karani! Nililia. Halafu nikajizoeza, siku baada ya siku, mpaka nikaweza kuyasema bila kuinamisha kichwa.

Siku ikafika. Nilivaa shuka yangu ya kila siku, goti wazi. Niliingia na mkongojo wangu. Nilikuwa nikiomba kimya kimya.

"Hujambo?"

Ulimi ukapanda juu, nusura useme! Nikaushika. Nikasema, "Bwana mkubwa, mimi nina jambo."

Karani akainua kichwa. Nikayamwaga yote. Kitanda, maji, choo. Nikasema, "Hata mbele ya Mungu wangu siwezi kusujudu, nasali nimekaa." Bwana shauri akafungua daftari lake, akauliza kwa ukali mbona mwaka jana nilisema mzima. Je, nilidanganya wakati ule au nadanganya sasa?

Nikasema, "Bwana, kwetu mtu akiulizwa hujambo hujibu sijambo, hata akiwa anakata roho. Ile ni adabu. Habari ya goti sikuulizwa."

Akamgeukia karani. Karani yule ni mtu wa pwani kama sisi, na siku ile shavu lilikuwa limemvimba kama ana embe mdomoni. Akasema, "Ni kweli, bwana. Hata mimi asubuhi nilikuambia sijambo, na jino linaniua tangu juzi."

Bwana shauri akacheka! Ndugu zangu, Mdachi alicheka mpaka akashika meza! Akaja mwenyewe, akainama, akajaribu kulikunja goti langu kwa mikono yake, likakataa. Akaandika cheti kipya na kugonga mhuri. Karani akanisomea polepole: mtu huyu ni kilema, mtama wake urudi, asishikwe kwa kazi, na asiitwe tena kukaguliwa maisha yake yote. Maisha yangu yote! Cheti chenyewe hiki hapa, kitazameni, kimekunjwa ndani ya hirizi yangu.

Namshukuru Mungu aliyenifungua ulimi. Namshukuru na Somoe, yule pale amejificha nyuma ya kanga. Nanyi nawasihi, mwaminini Mola wenu kwa shida zenu. Yeye hachani cheti cha mtu, na mlango wake hauna siku ya ukaguzi. Mkimwendea, msiache mkongojo nje.

Bi Mwanaidi, mama yangu, shikamoo. Nakuuliza mbele ya wote, na safari hii usinijibu kwa adabu. Je, una jambo?

Mmemsikia? Anasema analo, magoti yote mawili. Alhamdulillahi! Basi inueni mikono, ndugu zangu, tumwombee.