Orrin Wadleigh, Mwenyekiti wa Katiba Yetu

Ndugu waombolezaji, mimi ni kaka wa Lovisa, mjane, na familia imenipa wasifu wake nisome kwa sababu sauti yangu ikipanda, hata ng'ombe wa kaunti ya pili wanainua vichwa.

Shemeji yangu Orrin Wadleigh alizaliwa tarehe 4 Machi 1819, Vermont, kwenye baridi ya kugandisha moto jikoni, akasoma misimu mitatu tu, mwalimu akakimbia yeye akabaki, akajifunza kuunda magurudumu, tarehe 9 Juni 1843 akamwoa dada yangu, wakajaliwa wavulana Enos na Asahel na binti Submit, na mwaka 1855 wakahamia huku nyikani.

Mwaka huu tukamtuma mkutanoni akatuandikie katiba, eneo letu liwe jimbo, jimbo lisilo na watumwa, na mnajua desturi yetu, anayewahi kiti cha mbele ndiye mwenyekiti, akinyanyuka kabla ya kura mkutano umekufa, basi tarehe 22 Septemba akakiwahi yeye.

Kanali Tazewell, mwenye watumwa, akaingia na genge lake akifoka, "Shuka, fundi we, kiti hicho hakikuchongewa matako yako!" Orrin akamjibu, "Njoo unishushe, Kanali, na mama yako mlete akusaidie kuvuta!" Hapo fimbo zikanyesha, meno yakaruka kama bisi, Orrin akavunja taya tatu kwa ngumi moja, damu ikajaa ukumbi mimi nikaogelea, mpaka Kanali akamchoma kisu cha paja, kikapita nyama kikazama kwenye mbao za kiti, wakavuta miguu, wakavuta nywele, mtu hang'oki, kumbe wamemkomea wenyewe! Naye huku anapigwa anauliza, "Wanaokubali mtu asimilikiwe na mtu?" Wetu wakaitika, "Ndiyo!" vioo vikapasuka, kifungu kikapita.

Jeraha likaoza, mguu ukawa pipa, na tarehe 8 Oktoba 1857 akafariki nyumbani, mikononi mwa Lovisa.

Tunamshukuru Daktari Pell na msumeno wake, majirani kwa mikate ya mahindi na nyama ya nguruwe, na wajumbe wenzake waliobeba jeneza na mikono yao ya bendeji.

Ila katiba ni karatasi tu mpaka tuipigie kura Jumanne, na Kanali kaapa kusimama mlangoni na bunduki. Pumzika, shemeji, Jumanne tunakwenda, na Lovisa, ambaye kura hana, kasema atatangulia yeye, na shoka.