Alama Ishirini na Mbili za Mama Vipimo

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, mpangaji wetu wa usafishaji wa udongo wenye mionzi, tunayemwita Mama Vipimo, anastaafu tarehe thelathini ya mwezi huu. Mimi ni mchora ramani. Nimekaa naye chumba kimoja cha ofisi miaka kumi na tisa tukigombania dirisha: yeye anataka liwe wazi, mimi karatasi zangu zinapeperuka. Mhariri wa jarida ameniomba niandike ya kuchekesha. Haya, nitajaribu.

Aliingia hapa akiwa mwosha chupa za maabara. Aliuliza maswali mpaka wakubwa wakaona heri wampeleke masomoni ili wapumue. Aliporudi akapewa kupanga kazi ya visiwa vinne vilivyochafuliwa na majaribio ya zamani ya silaha za nyuklia: udongo upi ukwanguliwe, kwa kina gani, ukazikwe wapi. Kwenye kipimo hakuwa na mzaha. Siku moja mkurugenzi alitoka kisiwani akataka kupita na viatu vyake. Mama akavipima pale pale mlangoni, kifaa kikalia, na bwana mkubwa akaingia mkutanoni peku. Hakuna aliyethubutu kucheka, ila karani wa masjala alitoka nje mara tatu eti kukohoa.

Kabla ya kupanga lolote, aliwafuata watu wa visiwa huko walikohamishiwa. Aliketi kwenye vigoda vya majikoni akawauliza akina mama walikuwa wakimwaga wapi majivu. Sisi wataalamu tukamtania kwamba amekwenda kusikiliza umbea. Kumbe miti ya kule hunyonya mionzi, kuni zikiungua mionzi hubaki kwenye majivu, na majivu ndiyo yaliyokuwa mbolea ya bustani. Kila jaa alilitia alama nyekundu kwenye ramani. Leo watu wa visiwa vitatu wamerudi makwao, wanalima na kuzozania mipaka kama majirani wengine.

Kisiwa cha nne ndicho kinachoninyima raha. Miaka saba iliyopita Mama alikuwa likizo akimuuguza mumewe, na ramani ilidaiwa Jumatatu. Alama zake ishirini na mbili ziliharibu mistari yangu iliyonyooka. Nikazifuta. Nilijiambia ni maneno ya wanawake tu, Mungu anisamehe. Matingatinga yakafuata ramani yangu, na familia arobaini zikarudi na mabati na kuku wao. Mwezi wa nane maboga yao yakapimwa, kifaa kikalia. Wakapandishwa boti tena, safari hii hata hawakulia, na hilo liliniumiza zaidi.

Mama alikwenda mwenyewe kuwaambia kwamba tumekosea. Alisema tumekosea, hakusema nani. Saini kwenye mpango ilikuwa yake, aliyoitia kabla ya likizo, akavuliwa ukuu wa mipango, akarudi chumbani kwetu na kufungua dirisha. Mimi nikanyamaza. Nilikuwa na watoto shuleni, na woga una visingizio vingi. Vijana walioajiriwa baadaye wamefundishwa kwamba yeye ndiye aliyekiharibu kisiwa cha nne, nami nimekaa mezani nikisikia na kukoroga chai.

Basi ijulikane kuanzia leo: kosa lilikuwa langu. Mkurugenzi ana barua yangu. Mpango mpya wa kisiwa hicho, alioutengeneza Mama kwa miaka mitano bila cheo, umepitishwa, na kazi itaanza kiangazi kijacho. Inasikitisha kwamba hatakuwepo kuusimamia. Angekuwepo, tena akiwa mkuu, lau ningefungua mdomo.

Dada yangu, ahsante kwa kazi yako, na samahani imechelewa mno. Upumzike kwa raha ya moyo, wewe na shemeji. Jumamosi nakwenda kwa zile familia arobaini, nyumba kwa nyumba, niwaambie kwa mdomo wangu kabla hawajayasoma haya. Wakinifukuza, nitaondoka, halafu nitarudi siku nyingine.