Efraimu Yiamat na Mashine Arobaini na Nane

Baba Mchungaji, wazee wetu, ndugu wa Olasiti, wakwe zetu wa Kikatiti, majirani wa Sokon I, na ninyi mliokuja na basi mkiwa mmevaa ovaroli za bluu za kiwandani, shikamooni wote mnaostahili shikamoo. Mimi ni Sabina, mtoto wa kwanza wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake. Jana mchana kwenye kikao cha ndugu, baba zangu wadogo waliniomba sehemu ya kazi niifupishe, niseme tu kwamba alifanya kazi kiwandani hadi kilipofungwa, kwa kuwa msibani watu huja kuomboleza, hawaji kusikiliza kesi. Mama aliwasikiliza mpaka wakamaliza, kisha akasema isomwe yote, kwa hiyo mtanivumilia.

Marehemu Efraimu Yiamat Lemomo alizaliwa Olasiti tarehe 14 Machi 1953, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa mzee Yiamat Lemomo na mama Resiato, wakati Olasiti ilikuwa bado malisho na mashamba ya mahindi, na aliyetaka kuona taa ya umeme ilimbidi atembee hadi mjini. Alichunga mifugo ya baba yake mpaka alipokaribia miaka tisa, na bibi alikuwa akitusimulia kwamba mtoto yule hakukubali kula kabla hajahakikisha kila mbuzi amerudi zizini, hata kama wengine wamekwisha kunawa. Alianza shule ya msingi Januari 1962, akabatizwa mwaka uliofuata, na akamaliza darasa la saba mwaka 1968. Kuanzia 1970 hadi 1972 alisomea ufundi wa mitambo Moshi, akikaa kwa shangazi yake aliyempikia ndizi asubuhi, mchana na jioni, hata akaapa kwamba akirudi Arusha hatazitia ndizi mdomoni tena, kiapo alichokitunza kwa uaminifu mpaka alipooa Mmeru.

Jumatatu ya tarehe 3 Juni 1974 aliajiriwa kuwa fundi msaidizi katika Kiwanda cha Mablanketi cha Engare, hapa hapa mjini. Vijana mliopo hapa mnaliona lile eneo kuwa ukuta mrefu na magari ya mizigo, kwa hiyo inabidi niwaambie lilikuwa nini. Walikuwa watu mia tisa, zamu tatu, na blanketi lao la kijivu lenye mstari mwekundu lilitandikwa kwenye mabweni ya shule, kwenye vitanda vya hospitali na kwenye mabega ya wazee kuanzia Ngaramtoni hadi Usa River. Posa ilipopelekwa, mama wa binti alilishika blanketi, akaligeuza pembeni kutafuta nembo, na kama lilifumwa mji mwingine lilirudi na aliyelileta, na hakuna aliyeona ni utovu wa adabu. Mtu wa Arusha aliposafiri, hata angekuwa hana kitu mfukoni, alikuwa na neno la kujivunia, kwamba kwao wanafuma. Leo mji huu unajisifu kwa wageni wanaopita kwenda kuangalia wanyama, na sina ugomvi na wanyama, ila marehemu alikuwa akisema kwamba mnyama hakuletwa na mikono ya mtu wa Arusha, na blanketi lililetwa nayo.

Kazini alipanda kwa jasho lake, akawa fundi kamili mwaka 1977, akapelekwa mafunzoni Bulgaria kwa miezi saba mwaka 1980, na mwaka 1988 akawa fundi mkuu wa mashine za kufuma, ambazo zilikuwa arobaini na nane. Alizijua kama mfugaji anavyojua ng'ombe wake, ipi inakata nyuzi asubuhi kukiwa na baridi, ipi haitaki haraka, ipi inataka fundi mmoja tu. Sisi watoto tulizisikia mezani zikitajwa kwa namba, ya tisa imeamka vibaya, ya thelathini na moja imepona, mpaka mdogo wangu Frederick, alipokuwa mtoto, akadhani ni ndugu zetu wa Olasiti ambao hajawahi kuwaona.

Jumamosi ya tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na Magdalena, binti wa mzee Elieza wa Kikatiti. Msimamizi wake wa ndoa alikuwa Mzee Philemoni, karani wa kiwanda wakati huo, ambaye waliajiriwa naye wiki moja na kukaa naye chumba kimoja Sokon miaka minne, wakipika chungu kimoja. Mungu aliwajalia watoto watatu, mimi mwaka 1982, Frederick mwaka 1985 na Esther mwaka 1989, na wajukuu sita. Sote watatu tulimwamkia Mzee Philemoni shikamoo baba, kwa maana ndivyo tulivyofundishwa, na kila sikukuu kiti chake kilikuwa karibu na cha marehemu.

Mwaka 1996 kiwanda kilibinafsishwa, na kikaanza kuchechemea. Mablanketi ya mitumba yalijaa masokoni, zamu tatu zikawa mbili, mbili zikawa moja, na mwishoni mwa 2003 mashine zikazimwa, wafanyakazi waliobaki wakaambiwa wasubiri nyumbani. Mzee Philemoni wakati huo alikuwa mwenyekiti wa tawi la wafanyakazi, na watu walimtegemea yeye kuwaletea habari kutoka kwa mwenye kiwanda.

Sasa nafika mahali nilipoombwa nipafupishe. Jumapili ya tarehe 15 Agosti 2004, baada ya ibada, Mzee Philemoni alikuja nyumbani, akakaa, mama akampa chai na viazi vitamu, na akamwambia marehemu kwamba kuna habari njema, mwenye kiwanda amepata fundi Tanga wa kuzifufua mashine zote, zitakwenda na kurudi ndani ya miezi sita, na watu wote watarudi kazini. Shida ni moja, alisema, anatakiwa mtu wa kuzifungua bila kuzivunja, na walinzi hawaruhusu kitu kutoka bila geti pasi yenye sahihi ya fundi mkuu. Marehemu alimuuliza kama mwenye kiwanda naye atatia sahihi, akajibiwa kwamba hiyo ni karatasi ya getini tu, Efraimu, tangu lini mimi na wewe tukaandikishana. Mama alikuwa amesimama mlangoni na birika, na maneno hayo anayakumbuka hadi leo.

Hapa ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo mtu asiyeipenda kazi yake asingeweza kulifanya. Hakuzifungua tu. Kwa siku ishirini na tatu, yeye na rafiki yake Mzee Selemani wa Kaloleni walichukua rangi nyeupe na brashi ndogo, wakaandika namba kwenye kila kipande, namba ya mashine kisha namba ya kipande, mpaka kwenye vyuma vidogo kama kidole, na vyote akavichora katika kaunta buku mbili, ili siku zikirudi asipotee mtu wala skrubu. Alikuwa akirudi jioni na rangi kwenye kope, akiimba. Ijumaa ya tarehe 10 Septemba 2004 alitia sahihi geti pasi, akasimama getini na kalamu, akahesabu malori yakitoka, na wanawake wa idara ya nyuzi waliokuwa wamekuja kuaga walipiga vigelegele. Alijitengenezea kitanzi mwenyewe, akikifunga vizuri, kama alivyofunga kila kitu.

Miezi sita ikapita, ukapita mwaka. Kila alipoulizwa na wenzake alijibu zinakuja, kwa kuwa alipomuuliza Mzee Philemoni ndivyo alivyojibiwa. Februari 2006 alikwenda Dar es Salaam kumpeleka Esther kwa daktari wa macho, na katika kutafuta njia ya kurudi stendi wakapita kwenye yadi ya vyuma chakavu, akaona rundo limewekwa kando ya ukuta, na juu yake chuma chenye namba nyeupe, kumi na saba, nukta, mia mbili na nne. Esther alikuwa na miaka kumi na sita, anasema baba aliingia, akakiokota, akakifuta kwa shati lake, akakirudisha palepale alipokikuta.

Jumamosi ya tarehe 25 Machi 2006 wafanyakazi walikutana nje ya geti, naye ndiye aliyewaeleza alichokiona, kwa kuwa aliona hawezi kuwaacha waendelee kusubiri. Watu wakapiga kelele wakitaka kujua nani aliziruhusu. Mzee Philemoni akasimama, akatoa geti pasi, akasoma sahihi iliyokuwa chini yake, akakaa. Marehemu alisimama akasimulia habari za Jumapili ile, chai na yote, akamtaka rafiki yake athibitishe, na rafiki yake akasema hakumbuki kufika nyumbani kwake mwezi ule. Mama alipotaka kuzungumza aliambiwa mke hawezi kuwa shahidi wa mumewe. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na mimi nikiwa na miaka ishirini na mitatu, nimesimama nyuma ya umati ule, nilielewa kwa mara ya kwanza kwamba methali huwa inamhusu mtu unayemjua.

Kuanzia siku hiyo jina lake likawa Muuza Mashine. Aliitwa hivyo sokoni, aliitwa hivyo dukani, na Frederick alipopeleka posa mwaka 2013 aliulizwa mbele ya wazee kama ni mtoto wa yule. Hakuna aliyejiuliza, kama aliziuza, kwa nini aliishi kwa kutengeneza cherehani na pampu za maji kwenye baraza la nyumba ileile ya vyumba vitatu, mpaka mwaka juzi. Aliacha mwenyewe uzee wa kanisa, akisema hawezi kushika sahani ya sadaka mbele ya watu wanaomtazama mikono. Ninawaambia ukweli, nilikasirika kuliko yeye. Mji ulioishi kwa kazi ya mikono yake ulimgeuka kwa asubuhi moja, na asante ya punda, kama mjuavyo, ni mateke.

Kiwanda kikageuzwa maghala, na kinachohifadhiwa mle ndani, wala simzulii mtu, ni mablanketi kutoka nje, yale mepesi yenye picha ya chui. Mama alinunua moja Julai ya mwaka 2018, baridi ilipozidi, akalitandika bila kumwambia. Marehemu alilala chini yake siku tatu, siku ya nne akaomba kwa upole kabisa kwamba kama haina shida, yule mnyama ahamie chumba cha watoto.

Afya yake ilianza kuzorota mwaka 2022 kwa kikohozi kisichokoma, na madaktari walieleza kwamba vumbi la nyuzi lilikuwa limekaa kwenye mapafu yake miaka mingi. Alitibiwa hapa Arusha, na mwezi wa Aprili mwaka huu akapelekwa hospitali ya rufaa Moshi. Jumatatu ya tarehe 2 Juni aliniambia nishike kalamu, pumzi ikiwa inamkata katikati ya maneno, akaniandikisha tarehe hizi zote nilizowasomea, akanirudisha kila nilipokosea, na alipomaliza akaniambia nisimtukane mtu yeyote, nisome tu. Alifariki dunia Jumanne ya tarehe 10 Juni 2025, saa nne asubuhi, mama akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Arusha na wa Moshi, waliomhudumia kwa upendo na hawakuona haya kutuambia ukweli. Inamshukuru Mchungaji, aliyekuja kumpa meza ya Bwana nyumbani alipokuwa haendi kanisani. Inawashukuru majirani wa mtaa wetu, hasa kina mama, ambao tangu Jumanne hawajazima moto chini ya masufuria.

Kwa upande wa wafanyakazi wenzake, tunamshukuru Mzee Selemani na mkewe Bi Tunu, ambao kwa miaka kumi na tisa hawakukosa kutuletea pilau kila Iddi, na Mzee Selemani alikuwa akiila na marehemu barazani, mahali ambapo kila mpita njia angewaona. Alipojaribu kuwaeleza watu kwamba yeye alishika ile brashi, aliambiwa naye alipata mgao wake, akanyamaza, na tunamshukuru hata kwa kunyamaza kule. Ninyi wengine mliokuja leo na basi, tumewahesabu, ninyi ni hamsini na wawili, na tunawashukuru kwa kufika, ingawa kutoka Unga Limited hadi hapa ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, na miaka yote hiyo yeye alikuwa hai.

Mwisho, ratiba mliyoishika inaonyesha kwamba baada ya historia hii Mzee Philemoni atatoa salamu kwa niaba ya wafanyakazi. Jana ndugu walitaka jina lake lifutwe, ila marehemu alikwisha kukataa alipokuwa hai, na mimi nimekataa pia. Shikamoo, baba Philemoni. Una dakika tano, kipaza sauti kinafanya kazi, na mama amekaa mstari wa mbele. Anataka kusikia kutoka kwako kama Jumapili ile ulikunywa chai kwake.

Pumzika kwa amani, baba yetu Efraimu. Sisi tunamsubiri msemaji anayefuata.